Kabla ya mkate na kikombe kulikuwa na sahani

Kanisa likitaka kujipima kama kweli linapokea watu wote, swali huulizwa hivi: nani aruhusiwe kushiriki Meza ya Bwana? Aliyebatizwa tu? Aliyepata kipaimara? Mtoto je? Mgeni wa dhehebu jingine? Aliyeachana na mwenzi wake? Ni maswali mazito na sitayabeza. Ila nimeshawaona watu wakiyabishania saa mbili nzima, kisha wakatoka kwenda kula pamoja, na hapo kila kundi likajitenga na watu wake. Wazoefu wakakaa na wazoefu. Wageni wakabaki wamesimama, sahani mkononi, macho yakitafuta pa kukaa. Hakuna aliyewakataza kukaa popote. Hakuna pia aliyewavutia kiti.

Swali la nani apokee mkate, na swali la nani akae na nani chakulani, hapo mwanzo lilikuwa swali moja. Kujua lilivyogawanyika kunasaidia sana, hasa kwa kanisa lisilo na mamlaka ya kubadili sheria za dhehebu lake lakini lina jiko, sufuria na viti.

Karipio la Korintho

Simulizi la kale zaidi tulilo nalo kuhusu Chakula cha Bwana halimo katika Injili. Limo katika waraka wa kwanza wa Paulo kwa Wakorintho, ambao wataalamu wengi huuweka yapata mwaka 54 au 55, kabla Injili zetu nne hazijaandikwa. Maneno tunayoyasikia kila ibada ya ushirika, "usiku ule aliotolewa alitwaa mkate", yamo katikati ya sura ya 11, na sura hiyo ni karipio. Paulo hakuwa ameketi kutunga liturujia. Alikuwa amekasirishwa na chakula cha jioni.

Waumini wa Korintho walikuwa wakikutana kula, mlo kamili wa kushibisha, na ndani ya mlo huo mkate ukamegwa na kikombe kikazungushwa. Walikutana majumbani, na mwenye nyumba ya kutosha watu kadhaa alikuwa mtu mwenye uwezo. Chumba cha kulia cha nyumba za namna hiyo kilikuwa na makochi matatu ya kujinyoosha, na kwa kawaida kilichukua watu tisa hivi. Waliobaki walikaa uani. Tena jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Hilo lilikuja mwaka 321 kwa amri ya kaisari Konstantino. Mtumwa au kibarua alitoka kazini jua limeshazama. Mwenye nafasi yake alifika mapema, akaanza kula. Kibarua alipoingia alikuta mifupa na mitungi mitupu. Paulo anasema huyu ana njaa, na huyu amelewa.

Wapo wataalamu wanaopinga picha ya nyumba ya tajiri, wanaosema huenda walikutana pia katika karakana au vyumba vya kupanga. Sawa. Kosa lenyewe halibadiliki: walikuja mahali pamoja, wakala karamu mbili.

Ubaguzi wa sahani haukuwa kioja siku zile. Kama miaka hamsini baadaye, ofisa wa Kirumi aitwaye Pliny Mdogo alimsimulia rafiki yake barua nzima juu ya karamu iliyomchukiza. Mwenyeji alijiwekea yeye na wachache vyakula vizuri, wengine akawapa makombo. Divai nayo aliigawa katika vichupa vya aina tatu: ya kwake na wageni wakubwa, ya marafiki wa daraja la chini, na ya watumwa walioachwa huru. Jirani yake mezani akamuuliza Pliny yeye hufanyaje nyumbani kwake. Akajibu kwamba huwaandalia wote kilekile. Gharama je? Akasema si kwamba wale walioachwa huru hunywa divai yake. Yeye ndiye hunywa yao.

Kwa hiyo hata mpagani mwungwana aliona aibu ya jambo hilo. Kwa Paulo lilikuwa zaidi ya aibu. Anawaambia kwamba mnachokula si chakula cha Bwana, kwa sababu kila mmoja anatangulia kula chakula chake mwenyewe. Kiswahili kinaibeba hoja yake vizuri kuliko lugha nyingi: tofauti yote imo katika "chake" na "cha". Mkate ni uleule, divai ni ileile, na maneno ya shukrani huenda yalitamkwa sawasawa. Ila chakula kilikuwa *chake*, na kwa hiyo hakikuweza kuwa *cha* Bwana.

Silabi moja iliyowafukuza wengi

Hapa ndipo napenda kukaa kidogo, kwa kuwa kuna mstari mmoja wa sura hiyo ambao umewatoa watu mezani kuliko sheria yoyote ya kanisa. Ni ule usemao kwamba kila aulaye mkate na kukinywea kikombe "isivyostahili" atajipatia hatia. Nimewajua watu wazima waliokaa miaka bila kushiriki kwa ajili ya neno hilo. Ukiwauliza, watakuambia, "Mimi sistahili."

Hebu lisome tena. Halikuandikwa "asiyestahili". Limeandikwa "isivyostahili", na kila anayezungumza Kiswahili anajua "-vyo-" inataja namna ya kutenda, haimtaji mtu. Unaposema "alivaa isivyofaa" unayasema mavazi, humwambii kwamba yeye hafai. Kigiriki cha Paulo nacho kina neno la namna, kielezi. Na namna anayoilaumu ameshaieleza mistari michache tu juu yake: kula kabla ya wenzenu, kuwatahayarisha wasio na kitu. Kumbe mstari ambao umemfanya mnyonge ajitenge uliandikwa kumkemea aliyeshiba.

Kisha anasema mtu anakula hukumu kwa "kutokuupambanua ule mwili". Mwili upi? Wakatoliki, Waorthodoksi na Walutheri kwa jumla wameuona hapa mwili wa Kristo katika mkate, na wana sababu. Mstari wa 27 unataja mwili na damu waziwazi. Wengine wanaelekeza kwenye sura ya 10, ambako Paulo anasema sisi tulio wengi tu mwili mmoja kwa kuwa twashiriki mkate mmoja, na sura ya 12 yote juu ya viungo vya mwili. Mimi sioni kwa nini tulazimike kuchagua. Paulo angeshangaa kumwona mtu akiuheshimu mkate kwa magoti yote mawili huku hamwoni jirani aliyeshiriki mkate huohuo.

Agizo lake la mwisho ni fupi: mkutanikapo mpate kula, mngojane. Halafu anaongeza kwamba mwenye njaa ale nyumbani. Mstari huo wa pili umetumika sana kuuondoa mlo kanisani, na naona umeonewa. Aliyekuwa na njaa isiyoweza kungoja ni yule aliyefika mapema na kikapu kimejaa. Huyo ndiye anaambiwa akale kwake, ili akifika aweze kumngoja mwenzake. Maskini hangeambiwa akale nyumbani ambako hakuna kitu.

Mlo ulivyotoka nje

Haukutoka siku moja. Pliny yuleyule wa vichupa vitatu alitumwa baadaye kutawala jimbo la Bithinia, katika Uturuki ya leo, na yapata mwaka 112 alimwandikia kaisari Trajan kuuliza awafanyeje Wakristo. Aliowahoji walimwambia kwamba hukutana alfajiri siku maalumu kumwimbia Kristo, kisha hukutana tena kula chakula, cha kawaida tu na kisicho na madhara. Tena hilo la kula walikuwa wameliacha tangu alipopiga marufuku vyama na mikusanyiko kwa amri ya kaisari. Ili kuhakikisha, aliwatesa wanawake wawili watumwa ambao, asema, waliitwa wahudumu. Hakupata cha ajabu. Msomaji wa leo anakiona kilichompita: mtu aliyejisifu kwa kunywa divai ya walioachwa huru alikutana na jumuiya ambayo wanawake watumwa walikuwa na cheo ndani yake.

Yapata mwaka 155 Justin Mfiadini anaeleza ibada ya jumapili huko Roma: masomo, sala, mkate, divai na maji, mashemasi wakiwapelekea wasioweza kufika, na sadaka ikienda kwa yatima, wajane, wafungwa na wageni. Mlo wa kushiba hautajwi tena. Lakini kumbuka kilichobaki: kumpelekea asiyekuwepo, na mfuko wa wahitaji. Karne hiyo inakwisha, mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago, Afrika Kaskazini, anausimulia mlo wa upendo, agape, ukifanyika jioni peke yake, watu wakila kwa kiasi, wakinawa, wakiwasha taa na kuimba. Karne ya nne, makanisa yamejaa watu na majengo yamekuwa makubwa, mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa Laodikia ukakataza kufanya agape na kutandika makochi ndani ya nyumba ya Mungu. Wingi wa watu, ulevi wa baadhi, ibada kuhamia asubuhi, desturi ya kufunga kabla ya kupokea: yote yalisukuma upande mmoja. Mkate ukabaki altareni, sahani ikaenda nyumbani.

Siwalaumu. Huwezi kuwalisha watu elfu mbili kila jumapili. Ila baada ya hapo kanisa liliweza kuwapa watu wote kipande kilekile cha mkate bila kujua nani ana njaa.

Milango tofauti ya meza moja

Kuhusu mkate wenyewe, makanisa hayajakubaliana, na anayeomba "kuwe wazi tu kwa wote" afahamu anachogusa. Mafundisho ya Mitume, maandiko ya kale sana yanayojulikana pia kama Didake, yanasema asile yeyote asiyebatizwa. Kanisa Katoliki huiona Ekaristi kuwa ishara ya umoja uliokwisha kukamilika katika imani na uongozi, kwa hiyo kwa kawaida humpa Mkatoliki, na sheria yake inataja hali chache za pekee kwa Wakristo wengine. Waorthodoksi humpa Mworthodoksi aliyejiandaa. Lakini humpa mara tu baada ya ubatizo hata akiwa mtoto mchanga, jambo ambalo makanisa mengi yanayojiita wazi hayathubutu. Waprotestanti wengi humwalika kila aliyebatizwa. Wamethodisti wengi huenda mbali zaidi, wakifuata fikra ya mwanzilishi wao John Wesley kwamba meza hii inaweza yenyewe kumwongoa mtu. Mwaka 1529 viongozi wawili wa matengenezo ya kanisa, Luther na Zwingli, walikutana Marburg, Ujerumani, wakaafikiana hoja 14 kati ya 15. Ile ya mwisho, namna Kristo alivyo katika mkate na divai, iliwashinda kwa sehemu, na warithi wao wa Ulaya walikuja kukubaliana kushirikiana meza mwaka 1973 kwa Mapatano ya Leuenberg.

Lakini ipo kanuni ambayo hakuna dhehebu lililowahi kuitetea kwa Maandiko likaeleweka, nayo ni kumtenga mtu kwa asili yake. Mwaka 1829 sinodi ya kanisa la Kireformati la Kiholanzi huko Rasi, Afrika Kusini, iliamua kwamba Ushirika Mtakatifu upokewe na wote bila kujali rangi. Mwaka 1857 sinodi ikarudia kwamba hilo ndilo linalofaa na ndilo la Kimaandiko, kisha ikaruhusu ibada za pembeni kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi". Ona mlango ulivyokuwa mdogo! Uamuzi haukusema ubaguzi ni mzuri. Walisema tuwavumilie wasioweza kukaa pamoja. Mwaka 1881 likazaliwa kanisa la pembeni kabisa la wasio weupe. Karne moja baadaye, mwaka 1982, Makanisa ya Kireformati ya dunia yalipokutana Ottawa, wajumbe weusi wa Afrika Kusini walikataa kushiriki Meza ya Bwana pamoja na wale weupe, wakisema hawawezi kufanya ugenini kile wanachokatazwa nyumbani. Mkutano huo ndio uliotangaza kwamba kuutetea ubaguzi wa rangi kwa theolojia ni uzushi. Makanisa yalilazimika kuitazama imani yao kwa sababu watu fulani walikataa kula.

Meza ya chakula haina mipaka hiyo ya kisheria. Waorthodoksi wenyewe, wakali kuliko wote katika kugawa Ekaristi, mwisho wa liturujia hugawa antidoro, mkate uliobarikiwa usio sakramenti, na mara nyingi mgeni asiye wa kwao hupewa pia. Wamoravia nao, baada ya ushirika wa tarehe 13 Agosti 1727 uliowapatanisha huko Ujerumani, waliona uchungu kuachana. Zinzendorf, kabaila aliyewapa hifadhi, akawaletea chakula kutoka nyumbani kwake, na tangu hapo mlo wa upendo ukawa sehemu ya ibada zao. Kula pamoja namna hiyo hakuhitaji ruhusa ya sinodi.

Mambo madogo ambayo hayako madogo

Katika kanisa moja nililosali, mzee mmoja alitumia kiti cha magurudumu. Watu wote walipanda ngazi tatu kwenda mbele kupokea. Wakiisha, wimbo umekwisha, kanisa kimya, mchungaji na mzee wa kanisa waliteremka na sahani kumfuata, macho mia mbili yakiwafuata. Walifanya kwa upendo kabisa. Siku moja akaniambia, "Najisikia kama mgonjwa wa hospitali, naletewa dawa." Tulipolizungumza kamati ilitaka kujenga njia ya mteremko, na gharama ikawakatisha tamaa. Kijana mmoja akauliza kwa nini wagawaji wasisimame chini, kabla ya ngazi. Jumapili iliyofuata wakasimama chini. Ilikuwa imechukua miaka sita.

Au chukua maneno "tufumbe macho tuombe". Kwa kiziwi anayefuata lugha ya alama, sentensi hiyo inazima sauti. Mezani kwake taa hafifu na safu ndefu za viti vilivyotazama mbele ni kizuizi. Anahitaji kuona nyuso na mikono, kwa hiyo meza ya duara humfaa kuliko ndefu. Wapo pia ambao ngano huwadhuru. Kanisa Katoliki halikubali hostia isiyo na gluteni kabisa, lakini linakubali yenye gluteni kidogo sana, na linafundisha kwamba anayepokea kikombe peke yake hajapungukiwa kitu. Makanisa mengine hutumia mkate wa nafaka nyingine. Kwa aliyeacha pombe, kilevi cha kikombe si mzaha. Daktari wa meno Thomas Welch, Mmethodisti wa New Jersey, alipata mwaka 1869 namna ya kuchemsha maji ya zabibu yasichachuke, akiwa na meza ya kanisa akilini. Utoe divai au maji ya zabibu, tangaza kabla, ili mtu asilazimike kujieleza mbele za watu.

Upande wa mlo, mtego mkubwa ni utaratibu tunaouona wa haki kuliko yote: kila mtu aje na chake. Unasikika vizuri, na ni Korintho tupu. Asiye na chake hatakuja, na hatakuambia sababu. Atasema alikuwa na udhuru. Afadhali kanisa lipike sufuria moja kwa mfuko wa pamoja, na watu wagawane kazi badala ya vyungu: huyu kupanga viti, yule kuchota maji, mwingine kukaa na watoto. Mikono kila mtu anayo, na asiye na mikono ana sauti ya kupokea wageni mlangoni.

Meza kuu nayo iondoke. Sijui ni lini tuliamua kwamba mchungaji na wazee wakae mbele na kitambaa chao na kuandaliwa kwanza, ilhali ndio wanaofahamiana na kila mtu na ndio wangefaa kutawanywa, mmoja kila meza. Na kungojana kuchukuliwe neno kwa neno: kama wapo wanaotoka kazini jioni, saa ya kula ifuate wao.

Kisha lipo suala la nani anapika. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Makanisa mengi huwahudumia watu wale wale miaka mitatu bila kuwapa jembe. Yesu nyumbani kwa Zakayo na kwa Mafarisayo alikuwa mgeni, akala alichoandaliwa. Emau alialikwa ndani kama msafiri, na ni yeye akautwaa mkate, akaumega. Mgeni akawa mwenyeji mezani kwa watu. Anayehudumiwa daima hubaki wa kushukuru, na mtu wa kushukuru kila wiki hachoki tu, hujinyamazia.

Kwenye mlo wa alhamisi wa kanisa hilohilo la ngazi tatu alikuwako mama aliyekuja miezi mingi. Alikaa pembeni, akala, akashukuru kwa sauti ya chini, akaondoka wa kwanza. Jioni moja mpishi wa zamu hakufika na sufuria ilikuwa jikoni peke yake. Mtu akamwona mama yule karibu na mlango, akampa mwiko bila kufikiri. Akakoroga, akaonja, akasimama kidogo. Halafu tukaisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, mpaka chumba cha nje: "Jamani, nani amepika hivi? Chumvi iko wapi humu?"